"Cousin" ni nani yako? Neno moja la Kiingereza lililobeba ndugu wa kila namna

Kwenye sendofu moja ya ukoo wetu, binti aliyelelewa ng'ambo alipewa kipaza sauti awatambulishe ndugu zake. Alianza vizuri: baba, mama, wadogo zake. Alipofika kwa binti wa mama yake mkubwa akamtaja kuwa ni "cousin" wake. Mama mkubwa hakusubiri. "Cousin gani tena? Huyo ni dada yako, mwanangu." Watu wakacheka kwa upendo, MC akasogeza ratiba, lakini kwenye meza yetu mjadala uliendelea mpaka pilau ikaletwa. Shemeji mmoja alisema cousin ni binamu, hakuna la kujadili. Mzee aliyekaa jirani yake akakataa: binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, huyu wa mama mkubwa ni ndugu. Kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha: kipimo cha vinasaba alichokifanya kwa udadisi kilikuwa kimemletea jina la mtu wa Canada, na pembeni pameandikwa "second cousin". Amwite kaka? Binamu? Au amwache tu kama mtu baki?

Wote walikuwa na sehemu ya ukweli. Kilichotufanya tuzungukane usiku ule ni imani tuliyoitoa shuleni, kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake wa Kiswahili anayelingoja kwenye kamusi. "Table" ni meza, "door" ni mlango, basi na "cousin" ni binamu. Kwa vitu mkakati huo unafanya kazi. Kwa ndugu haufanyi, kwa sababu ndugu hawapangwi na maumbile peke yake. Wanapangwa pia na lugha, na kila lugha ina maswali yake inayoyauliza kabla ya kumpa mtu jina.

Tuanze na maana ya kawaida. Mwingereza akisema "cousin" bila kuongeza neno lolote, anamaanisha mtoto wa ndugu wa mzazi wake. Basi. Mzazi gani, haliulizi. Ndugu wa kike au wa kiume, haliulizi. Mtoto mwenyewe ni wa kike au wa kiume, haliulizi. Amekuzidi umri au umemzidi, wala. Ukiwahesabu, njia ni nne: kaka wa baba, dada wa baba, kaka wa mama, dada wa mama. Kila njia ina mtoto wa kiume na wa kike, kwa hiyo ni watu wa aina nane ambao Kiingereza kimewaweka kwenye kapu moja. Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Kiingereza hichohicho kinajali sana jinsia kinapotaja kaka na dada, mjomba na shangazi. Kikifika kwa "cousin" kinanyamaza. Kifaransa walau hutofautisha wa kiume na wa kike.

Kiswahili kinauliza swali jingine kabisa. Kinauliza: umefikaje kwake?

Ndugu wa kiume wa baba yako ni baba. Ni baba mkubwa au baba mdogo, na pwani wengi humwita ami. Dada wa mama yako ni mama, mkubwa au mdogo. Na kama huyo ni baba na yule ni mama, watoto wao watakuwa nani wako? Ndugu zako. Kaka zako na dada zako, bila kuongeza kitu. Lakini dada wa baba hawezi kuwa baba, ni shangazi. Kaka wa mama hawezi kuwa mama, ni mjomba. Watoto wa hao wawili ndio wanaopata jina la pekee, binamu. Fikiria barabara. Kutoka kwa baba kwenda kwa kaka yake, au kutoka kwa mama kwenda kwa dada yake, barabara imenyooka, na mtoto utakayemkuta mbele ni wa nyumbani. Kutoka kwa baba kwenda kwa dada yake, au kwa mama kwenda kwa kaka yake, barabara imekata kona. Binamu ni yule anayekaa baada ya kona.

Kona hiyo ina uzito katika maisha. Kwa makabila mengi ya bara, wa barabara iliyonyooka ni mwiko kumtazama kwa jicho la ndoa, maana ni dada yako hasa. Binamu ni mtani: utamtania, utamnyang'anya kofia, utamwita mke wangu au mume wangu mbele ya watu na hakuna atakayekasirika. Ndiyo maana tuna ule msemo unaojulikana kila mahali, binamu nyama ya hamu. Kwa baadhi ya makabila utani huo uliishia kwenye ndoa kweli, kwa mengine uliishia kwenye utani tu. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana neno lao mahususi kwa watu haohao wa baada ya kona: Mnyarwanda humwita mubyara, Mrundi humwita muvyara. Mtoto wa baba mdogo hapewi jina hilo.

Huu si mpangilio wa Afrika peke yake. Katikati ya karne ya 19, mwanasheria Mmarekani Lewis Henry Morgan aliishi karibu na Waseneca, mojawapo ya mataifa ya Wairokwa wa jimbo la New York, akashangaa kuona kwamba kaka wa baba anaitwa baba na dada wa mama anaitwa mama. Akakusanya majina ya ndugu kutoka pande nyingi za dunia, na mwaka 1871 akachapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Mpaka leo wasomi wa elimu ya jamii huuita mpangilio kama wetu kwa jina la Wairokwa. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia vijana wakiona haya kumwita mtoto wa baba mdogo "kaka" mbele ya wageni, kana kwamba ni kutojua. Ni kujua, ila kwa kanuni nyingine.

Kuna jambo ndani ya asili ya maneno haya mawili ambalo linanifurahisha kila ninapolifikiria. "Cousin" limeingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na Kifaransa kililitoa kwenye neno la Kilatini consobrinus, ambalo mzizi wake ni dada: kwa asili lilikuwa jina la watoto wa akina dada. Yaani watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. "Binamu" nalo tulilipata kwa Waarabu, ibn amm, mwana wa ami, mtoto wa kaka wa baba. Sasa tazama: kwa kanuni ya barabara niliyoeleza, mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa ami wote ni ndugu, si binamu. Maneno yote mawili yalianza safari kwa watu wa barabara iliyonyooka. Kiingereza kikalipanua lake mpaka likawameza wote. Kiswahili cha bara kikalichukua lake na kulihamishia upande wa pili wa kona. Pwani na visiwani, ambako Kiarabu kiko karibu, utawasikia wazee wakimwita mtoto wa ami binamu kama asili yake inavyotaka. Kwa hiyo mzee wa Unguja na mzee wa Tabora wanaweza kubishana juu ya binamu ni nani, na wote wawili wakawa sahihi.

Wa kwanza, wa pili, na "once removed"

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, na Waingereza wenyewe wamo. Habari njema ni kwamba Kiswahili kina zana bora ya kulielewa kuliko hata Kiingereza. Zana hiyo ni majina ya vizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe.

Usihesabu kutoka kwako kwenda pembeni. Panda juu mpaka kwa mzee mnayechangia, kisha uulize kila mmoja wenu ni nani kwa mzee huyo. Wajukuu wawili wa mzee mmoja, waliozaliwa na wazazi tofauti, ni "first cousins". Vitukuu wawili wa mzee mmoja, ambao wazazi wao ni first cousins, ni "second cousins". Vilembwe wawili ambao wazazi wao ni second cousins ni "third cousins". Namba inapanda kadiri mzee mnayekutania anavyokuwa mbali. Haihusu nani ametangulia kuzaliwa, wala nani ni wa mke mkubwa au mke mdogo.

Na kama hamko ngazi moja? Wewe ni mjukuu wa mzee, mwenzako ni kitukuu wake. Hapo Kiingereza kinachukua namba ya aliye karibu zaidi na mzee, halafu kinaongeza idadi ya vizazi mnavyopishana. Mjukuu na kitukuu: "first cousin once removed". Mjukuu na kilembwe: "first cousin twice removed". Neno hilo "removed" huwasumbua watu kwa sababu wamelizoea likimaanisha kuondolewa. Hakuna aliyeondolewa kwenye ukoo. Maana yake ni kupishana kizazi tu.

Kosa linalosikika kila siku ni hili: mtu anasema mtoto wa cousin wangu ni second cousin wangu. Hapana. Mtoto wa cousin wako ni first cousin once removed kwako. Second cousin ni uhusiano wa mtoto wake na mtoto wako, kwa sababu hao ndio vitukuu wawili wa mzee mmoja. Kwa Kiswahili wala usingehangaika hivyo. Mtoto wa ndugu yako ni mwanao, na yeye anakuita baba mdogo, shangazi, mjomba au mama mkubwa, kulingana na barabara.

Mfano mzuri wa kushikilia kichwani ni Malkia Elizabeth II na mumewe Philip, waliooana Novemba 1947. Mara nyingi husemwa walikuwa cousins, na mtu wa kwetu akisikia hivyo hudhani ni watoto wa ndugu. Hesabu uone. Kwa Malkia Victoria, Elizabeth anashuka hivi: Edward VII, George V, George VI, kisha Elizabeth. Mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Philip anashuka kwa Alice, Victoria wa Hesse, Alice wa Battenberg, kisha Philip. Naye kilembwe. Vilembwe wawili: third cousins. Lakini wana mzee mwingine wanayechangia, Mfalme Christian IX wa Denmark. Kwake Elizabeth ni kilembwe, kupitia Alexandra, George V na George VI. Philip yuko karibu zaidi, ni kitukuu, kupitia George I wa Ugiriki na Andrew. Kitukuu na kilembwe: second cousins once removed. Watu walewale wawili wana undugu wa majina mawili, na yote ni ya kweli. Koo zinazooana vizazi hadi vizazi, za kifalme au za kijijini kwetu, ndivyo zinavyokuwa.

Kwa kuwa tuko kwa wafalme, niruhusu nikae hapo kidogo, maana kuna mfano unaotugusa. Vitabu vya historia hupenda kusema kwamba vita ya 1914 ilipiganwa na cousins watatu: George V wa Uingereza, Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani na Tsar Nicholas II wa Urusi. Neno moja kwa wote, kana kwamba walikuwa sawa kwa kila mmoja. Sasa wapitishe kwenye Kiswahili. Mama yake George, Alexandra, na mama yake Nicholas, Dagmar, walikuwa dada wa tumbo moja, mabinti wa yuleyule Christian IX, na Alexandra ndiye mkubwa. Nicholas angemwita Alexandra mama mkubwa. Hawa wawili ni ndugu, na picha zao zinaonyesha walivyofanana mpaka mtu anashindwa kuwatofautisha. Wilhelm je? Mama yake alikuwa dada mkubwa wa Edward VII, baba yake George. Kwa George, huyo ni shangazi. Hapo barabara imekata kona: George na Wilhelm ni binamu hasa, wa kutaniana. Na Wilhelm na Nicholas? Mke wa Nicholas, Alix, alizaliwa na Alice, mdogo wake mama yake Wilhelm. Mama mdogo. Kwa hiyo Alix ni dada yake Wilhelm, na Nicholas ni shemeji yake. Ndugu, binamu, shemeji. Kiingereza kimesema "cousins" kikapita.

Na vita yao haikukaa Ulaya. Wilhelm alikuwa na koloni lake Tanganyika, George alikuwa na lake Kenya, na waliobeba mizigo na risasi porini walikuwa watu wetu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinatunza jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Wajukuu wa bibi mmoja waligombana, na kwetu kuna mitaa inayoitwa kwa ugomvi wao.

Kipimo cha vinasaba kinajua nini?

Turudi kwa kijana wa simu. Kampuni zinazopima vinasaba hazina kumbukumbu ya ukoo wako. Zinalinganisha mate yako na ya wateja wengine, zinapima kiasi mnachochangia, kisha zinakadiria jina. Kwa wastani, ndugu wa baba na mama mmoja huchangia asilimia 50. First cousins ni asilimia 12.5. Second cousins ni asilimia 3 hivi, na third cousins hawafiki asilimia 1. Wapo third cousins wa kweli kabisa ambao kipimo hakioni chochote kati yao.

Ila kiasi kimoja kinaweza kutokana na njia zaidi ya moja. Anayeandikwa "second cousin" anaweza kuwa first cousin once removed, au mtoto wa ndugu wa baba yako ambaye wamechangia mzazi mmoja tu, kisha bahati ya kurithi ikashusha kiwango. Kaka wawili wakioa dada wawili, watoto wao huchangia asilimia 25 badala ya 12.5. Watoto wa mapacha wa kufanana huchangia kama watoto wa baba mmoja na mama tofauti, ingawa Kiingereza kitaendelea kuwaita cousins. Kwa hiyo yule wa Canada tulimwambia kijana amwandikie amuulize majina ya babu na bibi zake. Kipimo kimempa umbali. Njia ataijua kwa wazee.

Pale neno linapoamua hatima ya mtu

Mpaka hapa ni mambo ya mezani. Lakini "cousin" na "brother" yakikaa kwenye fomu ya serikali, yanaamua nani anapanda ndege.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamruhusu raia mtu mzima kumwombea mume au mke, watoto, wazazi, na kaka au dada. Kwa "brother" au "sister" inamaanisha mliochangia angalau mzazi mmoja, au mliounganishwa na sheria, kwa mfano kwa kuasiliwa. Cousin hana mlango. Sasa mtu wa Kigoma au wa Bukavu, aliyelelewa nyumba moja na mtoto wa baba yake mdogo, anaulizwa kwa Kiingereza huyu ni nani wako. Anajibu "my brother" kwa moyo mweupe. Baadaye majina ya wazazi hayalingani, afisa anaandika kwamba mwombaji si mkweli, na doa hilo linabaki kwenye faili.

Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kupima vinasaba jijini Nairobi, kwa wakimbizi waliokuwa wakiomba kuwafuata jamaa zao waliokwishafika kule, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Familia nyingi hazikuweza kuthibitisha undugu waliouandika, na mpango ule ukasimamishwa mpaka 2012, uliporejea pamoja na sharti la vinasaba. Udanganyifu ulikuwepo, na si haki kuuficha. Lakini katika jamii ambazo mtoto wa marehemu kaka yako ni mwanao tangu siku ya matanga, jibu la maabara na jibu la nyumbani vinaweza kupishana bila mtu yeyote kusema uongo. Wanaoumia zaidi ni watoto waliochukuliwa na jamaa wakati wa kukimbia vita, ambao hawana karatasi inayosema walilelewa na nani.

Kwenye ndoa nako neno hili lina nguvu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, kifungu cha 10, inamtaja "cousin" kwenye orodha ya watu usioruhusiwa kuwaoa, kisha inawatoa Waislamu kwenye katazo hilo. Kwa Waislamu suala hili lina jibu la siku nyingi: Qurani, sura ya Al-Ahzab, aya ya 50, inawataja mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa dada wa mama mmoja mmoja, kwa sababu Kiarabu kina jina la kila njia. Uingereza nayo imo kwenye mjadala. Desemba 2024 mbunge Richard Holden aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku ndoa za first cousins, ambazo kule zimekuwa halali kwa karne nyingi. Kwenye mabishano hayo husikika kwamba watoto wa wazazi wa namna hiyo lazima wazaliwe na kasoro. Si lazima. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro kubwa ni takriban asilimia 3 kwa watu wa kawaida, na kwa watoto wa first cousins ni takriban asilimia 6. Umeongezeka maradufu, jambo linalostahili kuzungumzwa na daktari, hasa kwenye ukoo wenye siko seli. Lakini wengi wao huzaliwa wazima. Na angalia kwamba mtu wa bara anayechukizwa na ndoa ya watoto wa kaka wawili, huku akiicheka kwa utani ile ya mtoto wa shangazi, hafuati vinasaba. Kwa vinasaba ni asilimia ileile 12.5.

Nje ya ukoo, Waingereza hulitumia neno hili kwa upana. Zamani wafalme waliwaita hivyo wafalme wenzao na wakuu wao, hata pasipo damu. New Zealand, Wamaori husema "cuz" au "cuzzie" kwa rafiki wa karibu, kama vijana wa Nairobi wanavyosema "cuzo". Wanaisimu hukiita Kikomoro cousin wa Kiswahili, maana ni lugha zilizotoka kwa mama wa mbali mmoja na hakuna iliyoizaa nyingine. Maana hiyohiyo ndiyo wanayokusudia wanasayansi wanaposema sokwe ni cousin wa binadamu, kauli inayozua ugomvi kila inapotajwa. Wasikilizaji husikia "babu". Kilichosemwa ni kwamba sokwe na sisi tumetoka kwa mzee mmoja aliyeishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala mtu. Unaweza kuikubali au kuikataa kauli hiyo, lakini ikatae ilivyosemwa.

Na "cousin brother" na "cousin sister"? Mwalimu wa Kiingereza wa London atayawekea alama nyekundu. Yanasikika sana Afrika Mashariki na India, na mimi nayaheshimu, kwa sababu wasemaji wake waliona mapengo mawili kwenye Kiingereza wakayaziba: jinsia, na ukaribu. Ukiandika mtihani au barua ya ofisi yaache. Nyumbani sema.

Kwenye fomu ninawashauri watu wasihangaike kutafuta neno moja. Eleza njia: mtoto wa kiume wa mdogo wake baba yangu, amelelewa na wazazi wangu tangu akiwa na miaka 4. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inaandikika kwa urahisi, inaeleweka na afisa yeyote, na haimwachii mtu nafasi ya kukuita mwongo. Ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha baba na cha baba mdogo, viambatanishe, ili majina ya babu yaonekane kwenye vyote viwili.

Yule binti wa sendofu alikuja mezani kwetu baadaye, akamwamkia mama mkubwa na kumwomba radhi. Mama mkubwa akamkalisha karibu yake, akaanza kumtajia waliokuwa ukumbini mmoja baada ya mwingine: yule mwenye kitenge ni shangazi yako, wale wawili ni wanawe, binamu zako, watakusumbua kwa utani, wavumilie, yule anayecheza pale mbele ni mtoto wa baba yako mdogo wa Dodoma, huyo ni kaka yako. Binti alikuwa anaandika kwenye simu. Kila baada ya majina mawili matatu alimsimamisha akauliza: kwa upande wa nani?